Kwa Niaba ya Meneja Mkuu

Nianze na mimi mwenyewe, maana nikianza na Gedion mtamhurumia yeye na kunisahau mimi, na mimi sitaki kusahauliwa katika jambo hili. Naitwa Kahaso Ziro. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mpokeasimu wa hoteli moja ya Diani, ambayo sitaitaja jina. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mapokezi, hakina dirisha. Simu zote zilipita kwangu, faksi zikapita kwangu, na imeili zilipoingia nazo zikapita kwangu. Barua yoyote ya hoteli ile kwenda nje, mimi ndiye niliyeipiga chapa. Kwa hiyo nikieleza jinsi Gedion Muange alivyonyang'anywa kazi ya mikono yake, sisimulii habari za kusikia.

Gedion alikuwa fundi msaidizi wa umeme na simu. Ndiye aliyeitwa taa ya chumbani ikikataa kuwaka, au mgeni akilalamika kwamba simu yake inakoroma. Alikuwa Mkamba, lakini Mkamba wa Shimba Hills. Wazazi wake walipewa shamba katika skimu ya makazi kule juu, yeye akazaliwa huku, akasoma na watoto wa Kidigo na Kiduruma, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu tunaojisifu kuwa wenyeji. Hakupita mlangoni mwangu hata siku moja bila kusema, "Shikamoo, dada." Nilimzidi miaka minne tu. Nilikuwa nikimjibu "Marahaba" huku nikicheka, lakini moyoni nilipenda.

Kazi alipewa na meneja mkuu, Onesmus Musyoki, ambaye alitoka kijiji kimoja na babake Gedion huko Ukambani. Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Sisi wengine tulimwita Musyoki "Bwana Meneja", lakini Gedion alimwita "Mzee", na akisimama mbele yake ungedhani amesimama mbele ya mkwewe: mikono nyuma, macho chini, hakai mpaka aambiwe.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na saba, Mjerumani mmoja mwalimu wa kompyuta alitengenezewa na Gedion waya wa mashine yake, na alipoondoka akamwachia gazeti lenye sidii ndani yake. Katika sidii ile mlikuwa na mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, na si ule wa kununua dukani. Gedion akaenda stoo, akaifufua mashine moja kuukuu iliyotupwa na watu wa hesabu, akaupachika mfumo ule. Kisha akaniita nikaone. Niliona madirisha, vitufe na vijipicha kama kwenye mashine yangu, nikamwambia sioni ajabu.

"Ajabu ni waliouunda, dada," akasema. "Ni watu wa nchi mbalimbali, wengi hawajawahi kuonana. Maandishi ya ndani wameyaacha wazi, kila mtu anaweza kuyasoma. Ukiona kasoro unairekebisha, unawatumia. Wakiridhika, wanaitia ndani, na jina lako wanaliandika katika orodha ya waundaji. Orodha hiyo inasafiri na kila nakala, dunia nzima."

"Na malipo?"

"Hakuna malipo."

"Sasa wewe utafaidi nini?"

"Jina," akasema. "Mtu mwenye jina katika orodha ile, makampuni ya kwao yanamtafuta. Hawaulizi cheti. Mimi cheti nilichonacho ni cha chuo cha ufundi, dada, na hakuna atakayeniandika kazi ya kompyuta kwa cheti hicho."

Nilicheka. Nilimwambia aende akatazame pampu ya bwawa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ndio mambo ya Likoni yalipotokea. Sina haja ya kuyaeleza. Aliyekuwapo anayajua, na asiyekuwapo ashukuru. Watu wa bara walichomewa nyumba, wengine wakauawa, waliobaki wakakimbia. Mamake Gedion na dada zake walilala kanisani majuma matatu, kisha wakapelekwa Ukambani kwa jamaa wasiowafahamu. Gedion hakwenda. Alisema amezaliwa hapa na hajui kwa kukimbilia. Akahamia katika vyumba vya wafanyakazi ndani ya hoteli, na mimi, Mgiriama niliyepanga Mwabungo, nikawa namletea wali kutoka nyumbani kwa sababu kantini ilifungwa. Wageni waliondoka wote kwa ndege mbili. Vyumba mia na ishirini, hakuna mtu. Halafu ikaja mvua ya El Niño, ikavunja barabara na kuangusha nguzo za stima, na tukaishi miezi ya umeme wa kuja na kuondoka.

Hapo ndipo Gedion alipoliona kosa. Kila stima ilipokatika na kurudi, mashine yake iliwaka ikiwa tupu. Madirisha aliyoyapanga, vijipicha, rangi, vyote vimefutika, kana kwamba ndiyo kwanza inanunuliwa. Alihangaika nalo mwezi mzima, kisha akanijia akiwa na furaha kama mtu aliyejaliwa mtoto.

"Nimelipata, dada! Mfumo ukitaka kuhifadhi mpangilio wako, unafuta kwanza karatasi ya zamani, ndipo unaandika mpya. Stima ikikatika hapo katikati, huna ya zamani wala mpya. Wenyewe hawakuligundua kwa sababu kwao stima haikatiki. Mimi nimeugeuza. Sasa unaandika mpya pembeni kwanza, ikikamilika ndipo unaondoa ya zamani."

Hata mimi nilielewa. Ni jambo ambalo mama yeyote anayehamisha maji kutoka mtungi hadi mtungi analijua. Lakini walioelimika wa kwao halikuwapitia akilini, na fundi wa pampu ya Diani ndiye aliyewaonyesha.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Imeili ya hoteli ilikuwa moja tu. Mara mbili kwa siku nilipiga simu Mombasa kwa mtambo, nikatuma barua zote kwa mpigo na kupokea zilizokuja. Gedion aliniletea kazi yake katika diski pamoja na barua fupi ya Kiingereza, na chini yake ameandika: Gedion Muange, Diani, Kenya. Basi. Nikaisoma nikaguna.

"Hii haiwezi kutoka hivi," nikamwambia. "Hii ni anwani ya hoteli. Barua ya hoteli haitoki kwa jina la fundi. Unataka Bwana Meneja aseme tunatuma barua kwa uchochoro?"

"Basi niandikeje?"

Nikamwandikia mimi, kwa vidole hivi, kama nilivyofundishwa chuo cha ukatibu na kama inavyofanywa katika kila ofisi ya nchi hii. Karani haandiki kwa jina lake. Mwalimu haandiki kwa jina lake, daktari wa wilaya haandiki kwa jina lake. Anayefanya kazi anatia sahihi ndogo, na chini yake linakaa jina la mkubwa kwa herufi kubwa. Nikapiga: G. Muange, kwa niaba ya, halafu mstari wa chini, O. MUSYOKI, MENEJA MKUU. Na pembeni kabisa nikatia herufi za marejeo, O.M. kwa aliyeandikisha na k.z. ndogo kwa aliyepiga chapa, yaani mimi.

Gedion aliitazama, akaridhika. Alifurahi hata. "Ni vizuri Mzee atajwe," alisema. "Ndiye aliyenipa kazi." Jina la mzee wake kuwa juu ya lake halikumkera hata kidogo. Kwake hiyo ilikuwa adabu, na kwangu ilikuwa utaratibu, na sote wawili hatukufikiri kwamba mtu wa mbali akiisoma ataona mwenye kazi ni mmoja na mwingine ni tarishi.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilianza: Mpendwa Bwana Musyoki. Walishukuru sana, walisema kosa hilo limewasumbua watu wa nchi nyingi na kwamba marekebisho ni mazuri na mafupi. Nililichapa nikampa Gedion mkononi. Alisoma mara tatu, akacheka ile "Mpendwa Bwana Musyoki". Kwani barua za ofisi si huandikiwa mkubwa na kusomwa na mdogo? Mimi pia nilicheka. Mwaka mzima wa tisini na nane aliwatumia kazi nyingine, sita nadhani au saba, na maneno ya Kiswahili ya vitufe vyote aliyoyatafuta kwa kuuliza watu: mpishi Abdurahman alimpa mawili, mimi nilimpa "hifadhi". Kila barua niliifunga kwa maneno yale yale. Sikuhitaji hata kufikiri.

Mwezi wa Machi, tisini na tisa, ikaja barua ndefu. Kampuni moja ya huko iliyokuwa ikiusaidia mradi ilitaka kumchukua Bwana Musyoki, kwa sababu ya kazi yake bora, akae kwao mwaka mmoja akiujenga mfumo pamoja na wenzake. Tiketi yao, nyumba yao, mshahara wao. Waliomba jibu kabla ya mwisho wa Aprili.

Nilijua barua ile ni ya nani. Naapa nilijua. Lakini barua za shukrani ni kitu kimoja, na barua yenye tiketi na mshahara, yenye jina la meneja juu, ni kitu kingine. Nikasema, hii ni barua rasmi, ipite njia rasmi. Nikaitia katika faili la meneja. Nilidhani Musyoki atamwita Gedion, atampongeza, pengine atamfanyia sherehe kanisani.

Alimwita kweli. Mimi nilikuwa mle ndani na daftari langu, nikisubiri kuandikishwa barua.

"Gedion, hii mambo ya kompyuta ulikuwa unafanya na mashine ya nani?"

"Ya hoteli, Mzee."

"Na simu?"

"Ya hoteli, Mzee."

"Time ya nani?"

"Ya hoteli, Mzee. Ila hakukuwa na wageni."

"Wageni wawe, wasiwe, wewe ulikuwa kazini. Sasa hawa watu wameandikia mimi. Si wewe, ni mimi. Mimi ni mzee, siwezi kwenda kukaa kwa baridi. Lakini Kivuva wangu anamaliza college ya kompyuta Nairobi mwaka huu. Nitawaambia ni yeye alikuwa assistant wangu kwa hii kazi. Wewe utamwonyesha ile kitu ulifanya, ajue kueleza. Ama namna gani?"

Nilimtazama Gedion. Nilitaka apige kelele. Nilitaka apindue meza ile yenye kioo. Alisimama mikono nyuma, akasema, "Sawa, Mzee."

Musyoki akanigeukia. "Kahaso, andika." Nikaandika.

Gedion hakumwonyesha Kivuva kitu. Ijumaa ile ile alirudisha funguo za stoo na sare mbili, akaondoka bila barua ya kuacha kazi. Alipita kwangu. "Shikamoo, dada," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nakwenda Mombasa. Kuna mahali wamefungua pa kutuma imeili. Nitawaandikia mwenyewe, kwa jina langu."

"Waandikie," nikamwambia. "Mungu akutangulie." Ni rahisi sana kusema Mungu akutangulie.

Walimjibu kwa heshima, nilikuja kujua baadaye. Walimwambia hawana la kufanya mpaka Bwana Musyoki mwenyewe athibitishe, kwa kuwa jina lililo katika kumbukumbu zao tangu mwanzo ni lake. Nao wakaandika kuuliza. Kwa nani? Kwa anwani ya hoteli. Yaani kwangu.

Iliingia saa nne asubuhi, tarehe ishirini na mbili Aprili. Mistari mitatu. Je, ni kweli kwamba kazi hii iliandikwa na G. Muange, kama anavyodai? Tafadhali thibitisha. Musyoki siku hiyo alikuwa Mombasa kwenye mkutano wa wenye mahoteli, harudi mpaka kesho yake. Simu hazikulia. Nilikuwa peke yangu na ile barua, na kitufe cha kutuma jibu kilikuwa chini ya kidole changu.

Nikapiga chapa: Ndiyo. Kazi yote ni ya Gedion Muange.

Mstari mmoja. Hakuna ambaye angejua; barua zinazotoka hakuna aliyekuwa akizikagua isipokuwa mimi. Nikaendelea chini, vidole vyenyewe vikaenda, vikaandika K. Ziro, kwa niaba ya, O. MUSYOKI. Hapo ndipo nilipoona jina langu limekaa juu ya uongo wa kumsemea mkubwa wangu bila ruhusa yake, nikaogopa. Mezani pa Musyoki palikuwa na orodha ya wafanyakazi ishirini wa kupunguzwa, nami ndiye niliyeipiga chapa. Mimi simo, lakini nafasi ya kuniongeza ilikuwapo. Mume wangu alikuwa anauza vinyago ufukweni na watalii hawapo. Watoto wawili. Sababu ninazo, mnaona, hata leo nikiamshwa usingizini naweza kuzitaja kwa mpangilio.

Nikaufuta ule mstari. Nikaichapa barua yao, nikaitoboa tundu mbili, nikaitia katika faili la meneja.

Kesho yake Musyoki alisoma, akasonya, akaniandikisha akiwa amesimama. Muange alikuwa fundi mdogo aliyekuwa akipiga chapa kazi ya ofisi kwa niaba yangu, kama barua zenyewe zinavyoonyesha. Ameacha kazi bila taarifa. Nasikitika kwa usumbufu. Nikapiga kila neno, sikukosea hata herufi. Nikatuma.

Kivuva Musyoki aliondoka Julai. Alivumilia kule miezi minne, akarudishwa. Inasemekana hakuweza hata kazi ya juma la kwanza, nao walikuwa wapole wakamvumilia mpaka wakachoka. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, kwa sababu nafasi haikurudi kwa mwenyewe, ilikufa tu. Na mimi waliniachisha Oktoba, pamoja na kumi na wawili wengine. Barua yangu ya kuachishwa aliipiga msichana mpya, Winrose, na kwa mkono wake ilikuwa na makosa mawili.

Desemba redio yangu iliharibika. Mafundi wa redio wamejaa Ukunda, na mmoja, Randu, kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwangu. Nikaifunga kwa kanga nikapanda nayo mpaka Shimba Hills. Sikujidanganya kwamba ninakwenda kwa sababu ya redio.

Alikuwa amepata chumba kando ya kituo cha magari, ukutani ameandika kwa rangi: Muange, Redio na Pasi. Kompyuta haikuwapo. Aliinua macho, akanitambua mara moja.

"Habari yako, mama," akasema.

Nilijibu nzuri. Akaipokea redio, akaifungua, akapuliza vumbi. Nilianza kusema nilivyofukuzwa, nikaona maneno yangu yanatafuta huruma, nikaacha. Alipomaliza kuunga waya alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza. Ilikuwa ile barua ya Aprili, jibu aliloniandikisha Musyoki. Wale watu walikuwa wamemtumia nakala, ili aone kwamba waliuliza.

Akaweka kidole pembeni, chini kabisa.

"Hizi herufi mbili ndogo ni zako?"

"Ni zangu."

"Nilijua. Mzee hawezi kupiga chapa." Akaikunja tena kwa mikunjo ile ile. "Barua yao ya kuuliza, ilifika kwako kabla ya kufika kwake?"

Ningeweza kusema uongo. Kwa uongo nilikuwa na uzoefu. "Ilikaa kwangu siku nzima," nikasema. "Na niliandika jibu la kweli. Nikalifuta."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimezibeba sababu zangu zote kutoka Mwabungo na hakuniuliza hata moja. Akafunga redio, akaiwasha, ikaimba. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika, akakifunga kwenye mkono wa redio kwa uzi: Kahaso Ziro. Imetengenezwa na Gedion Muange.

Nilipokuwa nikiifunga redio kwa kanga, bibi mmoja wa Kiduruma aliingia na pasi yake. Gedion akasimama wima, mikono nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akamwambia.

Nikachukua redio yangu nikatoka.